Rivyuu ya matangazo ya serikali ya kijiji chetu: grupu la WhatsApp, spika ya mgambo na ule ubao wa ofisini

Watu wanatoa nyota kwa simu, kwa sabufa, mpaka kwa chipsi za stendi, mi leo natoa nyota kwa huduma ambayo hakuna anayeilipia mkononi ila wote tunaitegemea, yani matangazo ya serikali ya kijiji. Nimeyatumia tangu grupu la WhatsApp linafunguliwa, nimeshakasirika, nimeshacheka, na kuna siku yalikaribia kunipotezea shangazi, kwa hiyo naona nina haki ya kusema. Kijiji sitakitaja, jua tu ni bonde la Rufiji, upande ambao mtu akiamka kitu cha kwanza anauliza mto umefika wapi. Viongozi wenyewe tunazikana na tunakula nao ubwabwa, sitaki kesi.

Kwa asiyejua inavyoendaga: taarifa inatoka juu, inashuka kwa mtendaji wa kata, wa kata anamrushia mtendaji wa kijiji, huyo na mwenyekiti wanawapa wenyeviti wa vitongoji, na hao ndio wanatakiwa wakufikie mlangoni. Kwenye karatasi imekaa vizuri, shida ni kwamba kila ngazi kuna mtu kaenda kula mchana. Siku hizi ndio likaongezeka grupu, tupo mia nne na ushee humo, wakulima, wavuvi, walimu, vijana waliohamia Mbagala ambao kijijini hawajakanyaga tangu msiba wa babu yao lakini ndio wachangiaji wakubwa wa kila mada, na kuna mama mmoja anaweka "asubuhi njema" yenye ua jekundu kila siku saa kumi na moja alfajiri, hajawahi kuruka hata siku moja. Natamanigi huyo ndio angekuwa mtendaji.

Sasa nianze na siku yenyewe. Aprili 2024, huku hakuna asiyeikumbuka, Rufiji na Kibiti maji yalifunika mashamba, yakaingia majumbani, watu wakalala kwenye mahema. Mvua za El Niño zilikuwa zinapiga tangu mwishoni mwa 2023, huko juu bwawa la Nyerere limejaa na maji yanaachiwa, na sisi huku chini mpunga ndio umeanza kuinamisha shingo. Shangazi yangu alikuwa bondeni kwenye dungu anaamia ndege na nguruwe. Dungu kwa wasiokuwa wa huku ni kibanda juu ya nguzo, unapandia ngazi, mtu anakaa humo wiki na wiki, anapika humo, analala humo, mpaka avune.

Saa nne asubuhi simu ikalia, mtendaji kaweka pdf. Ni barua, imepigwa picha imelala ubavu, muhuri umefunika mstari wa tatu, kichwa chake YAH: TAHADHARI YA MAFURIKO. Nikageuza simu, skrini nayo ikajigeuza, nikageuza tena, mwisho nikalaza kichwa mwenyewe nikasoma: wananchi wote waishio maeneo hatarishi mnatakiwa kuchukua tahadhari na kuhamia maeneo salama. Basi. Maeneo hatarishi yapi? Salama wapi? Lini? Ndugu zangu bonde lote ni hatarishi na ndilo linalotulisha. Wazee wetu walishatolewa bondeni kupelekwa vijiji vya juu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu hiyohiyo ya mafuriko, nyumba zikapanda, mashamba yakabaki chini, na mafuriko yenyewe siyo mkosi mtupu maana maji yakishuka yanaacha tope zuri tunalima mlau, yani kilimo cha kwenye tope hilo baada ya maji kushuka. Kwa hiyo mtu wa huku usimwambie mto ni hatari, anaujua kuliko wewe, mwambie maji yanafika lini na yatakuwa kiasi gani, mengine atajipangia.

Watu wakajibu kwa dole gumba. Madole gumba kama arobaini hivi. Kijana mmoja akauliza swali ambalo mpaka leo naona hakuna lililowahi kulizidi humo ndani: "Shikamoo mtendaji, samahani, maji yakiachiwa leo kule bwawani huku kwetu yanafika baada ya siku ngapi?" Hakujibiwa. Chini yake mtu akaweka picha ya mikono inaomba dua, halafu mwingine akauliza nani anauza vifaranga.

Saa nane mchana ikaingia voisi. Mvuvi mmoja, sekunde ishirini na tatu, upepo unavuma mpaka unamkata maneno: "Jamani nipo hapa mwembe wa makaburini, maji yashafika shinani, asubuhi nilivyopita yalikuwa hayajafika, wenye madungu upande wa chini tokeni leo, msingoje kesho, mi na mtumbwi wangu napita mpaka magharibi." Sasa icheki hiyo. Mwembe hata mtoto anaujua. Asubuhi hayajafika, mchana yamefika, hapo umeshajua kasi yake bila kupigiwa hesabu. Upande gani, kasema. Lini, kasema. Usafiri upo, kasema. Hana muhuri, hana yah, na ndio tangazo zuri kuliko yote niliyowahi kupokea kutoka kwa binadamu.

Ila shangazi ana kitochi, yani simu ndogo ya vitufe isiyo na WhatsApp, hiyo voisi angeisikia wapi, na kitochi chenyewe chaji iliisha tangu juzi yake. Mi nipo Ikwiriri, nimepiga mpaka yule dada wa "namba unayopiga haipatikani" nikamchukia kabisa. Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji chao, yeye akampata mgambo, mgambo akaingia kwenye mtumbwi wa yule yule mvuvi na spika ya mkononi, wakawa wanapita dungu kwa dungu anaita watu kwa majina. Majina kabisa, siyo ndugu wananchi! Kwa shangazi alipiga kelele "Bi mkubwa, mtoto wa kaka yako kapiga simu, shuka maji yanakuja." Shangazi anasema mwanzo alivyosikia spika mbali akajua ni kampeni imeanza mapema. Alishuka na sufuria, mkeka na kuku wawili kawafunga miguu, mpunga akauacha. Usiku maji yalipita juu ya sakafu ya dungu lake, hiyo tuliiona baadaye kwa mstari wa tope ulioachwa ukutani, ulinifika kiunoni nikiwa nimesimama ndani.

Kesho yake sasa ndio kituko. Grupu likafungwa, admini peke yao ndio wanaandika, na tangazo likawekwa kwamba wananchi wanaonywa wasisambaze taarifa zisizo rasmi, na mvuvi akaitwa ofisini ajieleze. Hapo mimi nilitoa sifuri. Najua upande wao, porojo zilikuwepo kweli, kuna mtu alirusha video ya maji yanabeba magari kwenye mji una maghorofa halafu akaandika "Utete sasa hivi", Utete ya wapi ina maghorofa yale, na mwingine akasema ukuta wa bwawa umepasuka mpaka kuna mama alikimbia na mtoto wa jirani akamwacha wa kwake (alirudi kumchukua, msijali). Hizo zifutwe, sikatai. Lakini umefunga mdomo wa muongo na wa aliyepo mtoni kwa kufuli moja, na kuanzia hapo grupu likawa ubao tu wenye bando. Unaambiwa, huulizi. Mi naamini tangazo la hatari ambalo huwezi kuliuliza swali umepewa nusu, maana barua ya kutoka juu haiwezi kujua mwembe wetu, ni lazima mtu wa chini aulize "kwa hiyo kwetu ni wapi?" ndipo iwe na faida.

Linganisha na kimbunga Hidaya, wiki chache baadaye, Mei 3 na 4. TMA, yani Mamlaka ya Hali ya Hewa, walikuwa wanatoa taarifa kila baada ya muda, kina jina, kipo umbali gani kutoka pwani, kinasogea kuelekea wapi, upepo kiasi gani, redio zinarudia, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na hata sisi ambao grupu limefungwa tulikuwa tunafuatilia kama mpira. Kikapiga Mafia na Kilwa, barabara ya kwenda Lindi ikakatika Somanga, mabasi yakakwama, lakini hakuna wa kwetu aliyeshangaa. Kitu kimoja tu kilinikera, na hiki ni cha kwetu siyo cha TMA: aliyekuwa anahamishia taarifa kwenye grupu alikuwa anaandika "TAHADHARI" kwa kila kitu. TMA wana ngazi tatu, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, na zimetofautiana sana, angalizo unaendelea na shughuli zako ila sikio liwe wazi, nyekundu unaacha kila kitu unaokoa roho. Sasa ukiita mawingu ya kawaida tahadhari mara kumi, ya kumi na moja watu wanaweka dole gumba wanageukia upande wa pili.

Mambo yakaja kubadilika baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Sisemi chama gani, haikuhusu. Mwenyekiti aliyeingia ni fundi baiskeli, maneno machache, na kitu cha kwanza alichofanya alichukua rangi iliyobaki kwenye darasa la shule akaenda kivukoni akapaka nguzo tatu: chini nyeupe, katikati njano, juu nyekundu. Siku hizi msimu wa masika tangazo linakuja hivi, "maji yapo vidole vinne chini ya njano, jana yalikuwa nane". Imeisha. Bibi asiyejua kusoma anaelewa. Na kila mwenyekiti wa kitongoji ana daftari la watu waliopo bondeni, jina, dungu lipo karibu na nini, namba ya simu, na kama ni kitochi namba ya jirani mwenye chaji. Nililiona la kwetu, limefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kuna mtu kaandikwa "Babu wa mpapai mkavu" na inatosha, wote tunamjua.

Grupu nalo likafunguliwa, kuandika ruksa saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku, baada ya hapo dharura tu. Na mtendaji siku hizi akipata barua anaiweka halafu chini anaongea mwenyewe kwa voisi dakika moja anaieleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Namsifu kwa hilo ingawa voisi zake zinaanza na salamu ndefu, anawasalimia wazee, akina mama, vijana, wajumbe, itifaki imezingatiwa, unafika kwenye jambo lenyewe bando limeshakata.

Ila msidhani sasa imekuwa peponi.

Tangazo la mamba la mwaka jana nalikumbuka kwa uchungu. "Wananchi mnakatazwa kuchota maji na kufua mtoni kutokana na uwepo wa mamba." Sawa, mamba wapo, wala hatubishi, kuna watu huku wana makovu. Lakini bomba la kisima kitongoji cha kwetu lilikuwa limekufa mwezi mzima na mwandishi wa tangazo anajua, kwa hiyo mama asichote mtoni achote wapi, mbinguni? Dada mmoja akaandika hivyohivyo kwenye grupu, na kwa sababu sasa limefunguliwa mtendaji ikabidi ajibu, wakakubaliana vijana wapige uzio wa miti pale wanapochotea, uchotee ndani ya uzio kwa ndoo yenye kamba, usiingie na mguu, usiende alfajiri wala magharibi, watoto wasitumwe peke yao. Tangazo la kwanza lilikuwa katazo, la pili ndio ushauri, na kati yake kulikuwa na dada mmoja mwenye mdomo. Mungu amuweke.

Kwenye kipindupindu walifanya vizuri, hapa natoa nyota tano na sijapewa kitu. Baada ya maji kushuka vilikuja vidonge vya kutibia maji, wakagawa, wiki ya kwanza watu wanaviangalia tu, kuna mzee alikunywa kimoja akijua ni cha malaria. Basi nesi wa zahanati akaomba spika, akapita mwenyewe nyuma ya bodaboda, jioni, wakati watu wapo nyumbani wanakoka moto. Hakusema "zingatieni usafi." Alisimama penye watu, akaomba ndoo, akachuja maji kwa kanga mbele yao, akatumbukiza kidonge, akasema sasa kaeni nusu saa hakuna kunywa, wakakaa wanapiga stori, kisha akanywa yeye wa kwanza. Na mtu akianza kuharisha maji maji usingoje asubuhi, mpe maji ya chumvi na sukari huku unampeleka, choo kisichimbwe karibu na kisima, basi. Watu wanasimulia mpaka leo lile tukio la nesi kunywa.

Matapeli nao wamelijua grupu. Kipindi cha kuandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku mtu aliingia na picha ya mtendaji kwenye profaili, jina la mtendaji, anaandika kila mkulima atume elfu tano ya "kuhuisha taarifa" kwa namba fulani. Kuna waliotuma. Aliyegundua ni yule mama wa asubuhi njema, akaandika tu "mtendaji wetu hajui kuandika kuhuisha" na kweli bwana. Siku hizi kuna utaratibu kwamba hela yoyote haiombwi kwenye grupu, inaombwa kwenye mkutano na unapewa risiti, na ujumbe wa kitapeli unaupeleka 15040. Utaratibu mzuri, ila umebandikwa juu kabisa mahali ambapo hakuna anayegusa, wageni wanaoingia hawauoni.

Spika ya mgambo ndio bingwa wangu na mtanisamehe mnaopenda teknolojia. Haitaki chaji yako, haitaki bando lako, inakufuata ulipo. Mwaka 2017 kipindi kile kibaya, viongozi wa vijiji wanauawa huku Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na bodaboda zikapigwa marufuku usiku, hakukuwa na grupu, ni mgambo ndio walikuwa wanapita kabla jua halijazama watu wajifungie. Kasoro zake: bodaboda anakimbia sana, sisi tuliopo nyuma ya shule tunasikia "…nanchi… kesho saa mbi… msije na…" halafu kimya, tunabaki tunaulizana tusije na nini. Na ina kitufe cha king'ora kilichokwama, akitangaza mkutano wa wazazi king'ora kinalia kama vita imeanza. Kibadilishwe jamani, siku king'ora kikilia cha kweli tutajua ni kikao cha uji wa shule.

Namba za dharura nazo wanaziweka kila mwezi, 112 polisi, 114 zimamoto, 199 mambo ya afya, siyo mbaya. Ningependa pia waongeze yale ya kufanya wakati unasubiri, maana nyumba ya makuti ikishika haisubiri mtu. Tangazo la majivu, yani usiyamwage mpaka uyalowanishe, limetoka mara moja tu tangu nijiunge na grupu, wakati matangazo ya mbuzi waliopotea yanatoka kila wiki, tena yana picha.

Ubao wa ofisini sasa. Nyota moja, na hiyo moja ni ya fundi seremala aliyeutengeneza. Kioo kimevunjika kona, ndani kuna mjusi. Mapato na matumizi ya kijiji yanatakiwa yawekwe hadharani kila robo mwaka, na mkutano mkuu wa kijiji uitwe kila miezi mitatu, mimi karatasi niliyoikuta juzi imepauka na jua mpaka tarakimu zimekuwa kama nyayo za kuku, nilichoweza kusoma ni neno "mengineyo". Mengineyo shilingi ngapi, mjusi ndio anajua. Na mkutano wenyewe hutangazwa jana yake usiku, unajiuliza kama wanataka twende au wanataka wawe wametangaza. Mwenyekiti wetu wa nguzo za rangi hapa kanivunja moyo, nimemwambia uso kwa uso akacheka akasema ataweka. Huu ni mwezi wa nne tangu aseme.

Kwa hiyo grupu nalipa nyota tatu na nusu, ile nusu ni ya voisi na kufunguliwa kwake, siku wakilifunga tena naiondoa. Spika nne, ya tano nitaongeza bodaboda akipunguza mwendo. Nguzo za kivukoni tano, hakuna mjadala. Yule mvuvi sijui namuweka wapi, hajalipwa hata mafuta ya taa na juzi tu kapita tena na mtumbwi kuangalia watu, ofisini hajaombwa radhi, mimi ningekuwa mtendaji ningeshaenda kwake hata na sukari kilo mbili.

Kama una mzee wako bondeni na ana kitochi, usitegemee kwamba wewe kuwepo kwenye grupu inamsaidia yeye. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na jina lake na la jirani mwenye simu ya chaji, aandike ukiwa umesimama hapo, usikubali "nitaandika". Halafu mnunulie ile tochi ndogo ya sola yenye tundu la kuchajia. Shangazi nimempa ya njano, anasema inavuta mbu lakini simu sasa inapatikana.